Programu Niliyoiweka Mara Saba

Nianze na ujinga, kwa kuwa ndio mtaji niliokuwa nao mwaka ule. Niliiweka programu moja kwenye kompyuta moja mara saba. Mara saba mashine iliniandikia kwamba imemaliza, na mara saba nilizunguka kuitafuta kwenye menyu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyemfunga mwenyewe nyuma ya nyumba. Sikuiona. Nikamwambia mwenye kompyuta, mzee aliyekuwa anapoteza macho yake, kwamba programu imegoma. Haikugoma. Ilikuwa humo tangu mara ya kwanza, imekaa kimya, inangoja kuitwa kwa jina. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaenda kupalilia.

Sikuwa na nia ya kuiandika. Lakini mwezi uliopita, hapa kwetu Gare, tulisoma hitima ya arobaini ya Mwalimu Mbwana, na wageni walipokwisha kula na sufuria zikaanza kukwanguliwa, binti yake aliniita chumbani akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Nilikijua kwa uzito kabla ya kukifungua. Ilikuwa ile kompyuta. Akasema baba yake aliusia kwamba akifa apewe Injinia, maana yeye ndiye anayeijua. Niliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikasema ahsante, na uso ukaniwaka moto kama nimeinamia jiko la kuni. Miaka kumi na minne nilikuwa napita njia ya juu ili nisipite mbele ya nyumba ile, na mzee alikuwa bado ananiita Injinia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo jirani akikuuliza, wewe unamwuliza kuhusu mvua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufunga. Nikienda Lushoto mjini narudi kichwa kinaniuma, kana kwamba nimevuka mpaka wa nchi. Lakini mama aliona binti wa kukaa tu ni mzigo wa macho, akanipeleka kwa nguvu kwenye mafunzo ya kompyuta ya wiki tatu katika kituo kimoja cha vijana mjini. Kompyuta zenyewe zilikuwa nne, za msaada, na hazikuwa na ule mfumo unaojulikana na wote. Zilikuwa na mfumo wa bure, Linux, wenye alama ya ndege mnene mwenye kifua cheupe. Mwalimu wa kituo alisema ndege huyo anaishi kwenye barafu, na sisi, tuliokaa humo mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia tumejifunga kanga juu ya masweta, tulimwelewa.

Nilijifunza kuwasha, kuzima, kuandika barua ya kuomba kazi, na kubonyeza picha. Kwangu mimi programu ilikuwa ni picha. Unaibonyeza, inafunguka. Isiyo na picha haipo. Siku moja tu mwalimu yule alitufungulia kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akatupa mstari mmoja wa kuwekea programu mpya kutoka kwenye mtandao, tukaunakili kwenye daftari, akasema namna ya kuzitumia zisizokuwa na picha tutaiona wiki ya nne. Wiki ya nne haikuwepo. Chumba kilitakiwa kwa semina ya wakulima wa viazi. Nikarudi nyumbani na cheti chenye jina langu lililokosewa, na kabla sijavua viatu mama alikuwa ameshatangaza gulioni kwamba nyumba yake sasa ina injinia wa kompyuta. Jina likashika. Watu wa kwetu wakikupa jina huulizwi kama linakutosha.

Kati ya nyumba yetu na ya Mwalimu Mbwana palikuwa na bustani ya Bi. Zuhura, kabichi na karoti na hoho, imezungushiwa ua ambao kuku walikuwa wanaudharau. Bi. Zuhura ni jirani wa pande zote mbili na mdomo wake unatosha pande zote nne. Kazi yangu niliyoiweza hasa mwaka ule, mbali na huo uinjinia, ilikuwa kuosha vyombo nyuma ya nyumba karibu na ua, ambako maneno yake na ya wanawake waliokuja kununua mboga yalinifikia yakiwa bado ya moto. Sikupitwa. Nilijua nani kaposwa, nani karudishwa, na mume wa nani ameonekana Magoma wakati aliaga anakwenda Korogwe. Nilikuwa nasugua sufuria moja asubuhi nzima. Bi. Zuhura alikuwa ananijua. Mara nyingine alikatiza hadithi akapaza sauti akasema hiyo sufuria sasa itatoboka, kisha akaendelea kusimulia kwa sauti kubwa zaidi ili nisipate taabu.

Mwalimu aliniita mwezi wa pili, siku ya ukungu mzito. Nilipiga hodi tatu kama tulivyofundishwa, maana kwa Mwalimu huingii mpaka uitikiwe, hata mlango ukiwa wazi. Alitufundisha karibu wote, mimi na walionitangulia, na kila aliyepita mikononi mwake alitoka na jambo moja: hasemi neno "sijui". Darasani kwake aliyesema sijui alisimama nyuma kwa mguu mmoja mpaka kipindi kiishe. Kwa hiyo tulijifunza kujibu. Jibu liwe la kweli au la kuokota, ulijibu, na mguu wako wa pili ukabaki chini. Nimefikiri sana juu ya mguu huo tangu siku ya arobaini.

Chumba chake kilikuwa na kitanda kilichotandikwa kama cha bweni, saa ya ukutani iliyokuwa mbele kwa dakika kumi kwa makusudi, na meza katikati. Juu ya meza palikuwa na sahani ya magimbi ya kuchemsha, kikombe cha chai ya mchaichai, na kompyuta ya mkononi ambayo mtoto wake wa Tanga alimletea. Mtoto aliinunua ikiwa imetumika, na fundi aliyeitengeneza alitia mfumo ule ule wa ndege wa barafu. Nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Mwalimu alinikaribisha, akasogeza sahani, akanieleza shida yake kwa mpangilio, kama somo. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia bila kupindisha kwamba lililokwisha kupotea halirudi, na lililobaki lihesabiwe kwa miezi. Alikuwa na barua moja anayotaka kuiandika kabla ya hapo. Kuandika alikuwa bado anaweza, kwa herufi kubwa kama mayai, ila kurudia kusoma hakuweza tena, mistari ilimponyoka. Na hajawahi kumpa mtu karatasi ambayo hajaisahihisha. Mtoto wake alimwambia kwenye simu kwamba iko programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na inajua hata Kiswahili. Alikuwa ameliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, herufi sita: espeak.

Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba barua mbona hata mimi ningemsomea. Akaweka kikombe chini.

"Hii haitaonwa na jicho la mtu kabla ya mwenyewe. Nitakapokuwa naandika utakaa pale, uangalie dirishani. Naweza kukuamini?"

Nikasema anaweza. Na hapo, msomaji, ndipo penye kitu pekee cha mwaka ule nilichokuwa najivunia mpaka juzi. Sikuisoma. Miezi tisa nilikaa kwenye kigoda alichonionyesha, macho dirishani, nikiangalia kabichi za Bi. Zuhura zikikua, wakati nyuma yangu vidole viwili vinatafuta herufi mojamoja. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutamka vituo anapoandika, kama alivyokuwa akitusomea imla. Alisema "mkato," kisha kimya kirefu, kisha "nukta," na siku njema sana, "aya mpya." Maneno yenyewe aliyameza. Kwa hiyo kutoka kwenye barua ile, mwaka mzima, nilichokisikia ni mikato yake. Mtu aliyezaliwa na masikio kama yangu ajue hiyo ilikuwa adhabu.

Safari ya kwanza ya Lushoto niliibeba kompyuta kifuani ndani ya sweta kama kitoto kichanga. Kwenye duka la intaneti karibu na stendi wakaniunganisha na mtandao, nikafungua kidirisha cheusi, nikanakili ule mstari wa daftarini, nikaweka jina la programu mwishoni. Maandishi yakamiminika kama mchele kwenye ungo, yakasimama. Imemaliza. Nikarudi nyumbani nimeinua shingo. Mbele ya Mwalimu nikafungua menyu, ili aone. Hakuna picha. Nikafungua nyingine. Hakuna. Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, ameelekeza sikio kwenye mashine. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri.

Nikamwambia imeingia, ila inatakiwa itulie kwanza.

Msinicheke sana. Simu mpya kwetu wakati ule ilichajiwa saa nane kabla ya kuguswa, na hata redio mpya wazee waliiacha ilale siku moja ndani izoee nyumba. Mwalimu akaona ni jambo la busara. Akauliza itulie siku ngapi, nikasema tatu, kwa sauti ya mtu aliyesomea. Siku ya tatu nikaja nikafungua menyu, nikatazama mahali palepale, na kitu hakikuota.

Basi ndivyo mwaka ulivyokwenda. Mara ya pili nilisema mtandao ulikatika katikati ikaingia nusu. Mara ya tatu nilisema mvua. Safari ya nne mashine yenyewe iliniandikia kwa Kiingereza kwamba programu hiyo ipo tayari na ni toleo jipya kabisa. Niliyasoma maneno hayo yote, niliyaelewa moja moja, na nikahitimisha kwamba inajisifu. Nikaitoa, nikaiweka upya. Mara ya tano nilisema kuna kipuri kidogo kinasubiriwa kutoka Tanga, na hapo hata mimi nilijiogopa, maana programu haina kipuri, kama wimbo usivyo na skrubu. Kila niliporudi bila kitu Mwalimu alisema "haya," akasogeza sahani ya magimbi, nami nikala. Nilikula magimbi ya mzee yule mwaka mzima, nayo yalikuwa matamu. Nisingizie nini?

Bi. Zuhura alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni mara mbili au tatu kwa wiki, kabichi kwapani au fungu la karoti zenye udongo bado. Alimwamkia Mwalimu shikamoo ya mkato, akaitikiwa marahaba, akaziweka mboga juu ya meza ileile kwa kishindo kidogo. Mwalimu alikuwa akimsikia tu anafunika kompyuta. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya vumbi la mboga. Hakumtazama, na macho mabovu hayakuwa sababu, kwa kuwa mimi alinitazama, walau upande niliokuwapo. Akishatoka alikaa muda bila kuandika. Siku moja aliniuliza, kama anayeuliza saa, kama Zuhura anajua kusoma vizuri. Nikamwambia Bi. Zuhura aliishia darasa la sita lakini anasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea mpaka mwisho. Akasema, "Alikuwa wa kwanza darasani." Kisha akaomba tufunge kwa leo.

Kwangu mimi Bi. Zuhura alikuwa na salamu yake maalumu. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza ile mashine imeshatamka au bado, kwa sababu hata mjukuu wake ameikuta kimya, na yule naye ameshaanza kusema "mama" na "toka." Wanawake wa uani waliishika hiyo. Nikipita kwenda bombani wakaulizana kwa sauti kama kuna mtu amesikia kitu kikitamka. Nilicheka nao. Mtu wa kuchekwa akijichekesha mwenyewe kwanza hupata nafuu, na nimeishi kwa nafuu hiyo mpaka leo, kama mnavyoona.

Siku ninayoiogopa zaidi ni moja ya mwezi wa tisa. Miti ya plamsi ilikuwa inachanua, weupe mtupu kwenye mteremko, na Mwalimu aliniomba nimweleze inavyoonekana. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza kiti chake kunielekea.

"Injinia, mimi ni mtu mzima. Kama hujui, sema hujui. Nitatafuta mwingine, na sitakuwa na neno na wewe."

Alisema hivyo, yule aliyetusimamisha kwa mguu mmoja. Alikuwa ameniwekea mlango wazi, na upana wake ulitosha kupitisha ng'ombe. Yule mwingine alikuwapo. Lushoto mjini kulikuwa na watu watatu wanne ambao wangemaliza kazi ile kabla chai haijapoa. Nikamwangalia, nikaona macho yake yanapapasa kando kidogo ya uso wangu, yakidhani yamenifikia.

"Ninajua, Mwalimu," nikasema. "Ni mtandao tu."

Akasema haya.

Mwezi wa kumi na moja alinimiminia chai, na chai ikaenda pembeni ya kikombe, ikatambaa mezani mpaka kwenye goti langu. Aliijua kwa sauti, kwa kuwa chai ikiingia kikombeni inaimba. Akaweka birika chini taratibu, akaitafuta kompyuta kwa viganja, akaifunika, akasema, "Basi. Barua haijaisha, lakini mimi nimeisha." Hakuwa na hasira. Alinishukuru kwa kwenda na kurudi kwangu, akaniombea kwa Mungu, akanipa magimbi yaliyobaki niwapelekee nyumbani. Nikayapeleka. Mama akasema Mwalimu ni mtu wa watu.

Wiki mbili baadaye nilitumwa mjini dawa ya mama ya kifua. Mvua ikanishika stendi, nikaingia kwenye lile duka la intaneti kujikinga. Aliyekuwa zamu alikuwa msichana wa rika langu, Neema, ambaye nilikuwa nikimwona kila nilipokuja ila sikuwahi kumwuliza kitu, kwa kuwa nilikuwa injinia. Safari hii sikuwa na kompyuta wala cheo cha kulinda. Mzee alikuwa amekwisha kufunga kazi. Nikamwambia, kama hadithi ya mtu mwingine, kwamba kuna programu inawekwa na haionekani. Akauliza jina. Mashine zao mbili za pembeni nazo zilikuwa za ndege yule. Akafungua kidirisha cheusi.

"Uliiita?" akauliza.

Nikamwuliza kuiita vipi. Akaandika zile herufi sita, akaongeza alama ya Kiswahili, akaandika habari ya asubuhi, akabonyeza. Na mashine ikasema. Ilisema "habari ya asubuhi" kwa sauti ya mtu mwenye mafua aliyejifunza maneno yetu yote bila kukutana na mmoja wetu. Nilicheka kwa nguvu. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilikumbuka kofia nzuri ya Mwalimu. Neema akanieleza kwamba nyingi ziko hivyo, hazina picha, unaandika tu jina lake pale na inaitika, na ukitaka ikusomee barua unaitajia jina la barua. Aliandika kwenye risiti ya mtu, mstari mmoja. Hata dakika haikufika.

Nilipanda kurudi Gare nikiwa na risiti ile kiganjani, nikifanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimepanga kusema, Mwalimu, nilikuwa sijui, sasa najua. Maneno manne matano. Nikafika. Mvua ilikuwa imepita na yeye alikuwa amekaa nje kwenye kiti, uso ameuelekeza kwenye jua dogo la jioni. Nikasimama langoni. Nikawaza kwamba nikimwonyesha inavyoitwa, atauliza tangu lini ilikuwa humo. Ni Mwalimu, lazima atauliza. Na jibu ni tangu mwezi wa pili, wakati alikuwa bado anaona herufi, na kila kitu kingewezekana. Nikawaza kwamba ameshafunga, ameshatulia, kwa nini nimtibue. Mtu anayetaka kukimbia hupata sababu zenye heshima. Nikarudisha mguu, kokoto ikalia.

"Nani huyo?" Mwalimu akauliza.

Alingoja. Akauliza tena, taratibu, akiwa amenyoosha shingo, na mimi nikaondoka kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku, nikipita kwenye matuta ya Bi. Zuhura ili nyayo zisisikike. Nilikanyaga karoti zake. Kesho yake nilimsikia uani akiwalaani ngedere.

Risiti niliihifadhi. Mwalimu alikaa miaka kumi na minne katika giza lile, na miaka yote hiyo mboga za Bi. Zuhura zilipita mlango wa jikoni, na siku za Idi nilimpelekea sahani kwa mkono wa watoto. Wakirudi waliniambia Mwalimu anauliza Injinia hajambo. Siku ya maziko nilikaa nyuma kabisa.

Baada ya arobaini nilikaa na kile kitenge siku nne bila kukifungua. Siku ya tano niliiunganisha na umeme. Iliwaka polepole, kwa mlio wa mzee anayenyanyuka, na saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, inaamini bado hatujakosana. Barua ilikuwa pale, peke yake. Jina lake lilikuwa neno moja: zuhura.

Hata hapo sikuifungua. Nilikwenda kwenye ua nikamwita Bi. Zuhura, ambaye sasa ni bibi wa magoti mabovu na ulimi uleule, nikamwambia kuna barua yake kutoka kwa marehemu. Akaja na ungo wa maharage anayochambua, maana alisema hawezi kukaa bure kusikiliza maiti. Nikafungua kidirisha cheusi, nikaweka risiti ya Neema pembeni, nikaandika herufi sita na kilichofuata, nikabonyeza. Ikaitika mara moja, kama mtu aliyekuwa macho muda wote.

Sauti ile ya mafua ilimsalimu Zuhura binti Shabani. Ilisema kwamba mwaka aliokuwa darasa la sita, betri za redio ya shule zilipotea, na Mwalimu akasema mwizi ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa ufunguo huo kwa kumwamini. Akamchapa mbele ya shule nzima. Alipokataa kukiri akamwambia asirudi mpaka aje nazo, naye hakurudi. Mahali mzee alipogonga herufi mara mbili sauti ilijikwaa, ikajizoazoa, ikaendelea. Kisha ikasema: "Masika yaliyofuata nilivaa koti langu la mvua, nikatia mkono mfukoni, nikazikuta. Zilikuwa nne. Nilizitupa chooni, na tangu siku hiyo mimi". Ikanyamaza hapo. Nilidhani imegoma, safari hii kwelikweli. Nikaangalia. Barua ilikuwa imeishia hapo.

Mikono ya Bi. Zuhura ilikuwa imesimama ndani ya maharage. Akaniambia nirudishe pale kwenye koti. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara ya tatu akasema yeye alijua siku zote kwamba hakuchukua, na alidhani Mwalimu naye anajua. Ndiyo maana miaka yote alikuwa anampelekea mboga, ili kila akizitafuna aone aibu. Alisema alikuwa akingoja neno moja tu, hata la kusemwa juu ya ua. Akauliza barua iliandikwa lini.

Nikamweleza. Sikuacha kitu: zile mara saba, kutulia siku tatu, kipuri cha Tanga, maua ya plamsi, Neema, kokoto, hata karoti. Mwisho nikamweleza lile moja jema, kwamba mzee aliniamini, na miezi tisa nimekaa na barua ile nyuma ya mgongo wangu bila kugeuza shingo hata siku moja. Nilitegemea walau hapo atanipa nusu ya maksi. Bi. Zuhura akapeta maharage yake mara mbili, akapuliza maganda, akanitazama.

"Wewe tangu utoto unakaa nyuma ya ua unasikiliza ya watu, umbea wote huo, halafu mwaka mmoja uliotakiwa kuchungulia barua ya mtu ndio ukajifanya mwaminifu ukaangalia kabichi zangu."